Mama Ngalula na Lenzi Iliyopakwa Grisi

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Ngalula. Hortense, jina la ubatizo, lilikuwa limepigwa marufuku kama majina yote ya kizungu, pamoja na tai za wanaume, lakini wateja wa zamani bado walimwita Mama Hortense, kwa sauti ya chini, kama watu wanaonunua kitu cha magendo. Meza yake ilikuwa barazani pa duka la vitambaa, katikati ya mji wa Lubumbashi. Baba yake, fundi saa aliyetoka Kasai, alimwachia bisibisi nane, kioo cha kubana jichoni, na amri moja: usitie mafuta mahali ambapo hayakuombwa. Saa zilipopungua, akahamia kwenye kamera.

Jumatano moja ya Mei 1975 akaja Jeannot, mpiga picha wa mtaa wa Naviundu. Naye alikuwa na jina jipya la karatasi, ila hata mke wake alikuwa amelisahau. Alileta lenzi ya zoom, ile ndefu ya kuvuta watu wa mbali, imefungwa ndani ya taulo kama mtoto mwenye homa.

"Mama, uniangalilie hii. Juma ilipita nilipiga Citoyen Mwaba na comité yake. Bote batano balitokea beupe."

"Beupe namna gani?"

"Sawa bunga."

Citoyen Mwaba, yaani "mwananchi" kama wote walivyoamriwa kuitana, alikuwa mkuu wa Chama tawala mtaani. Mwaka mzima alikuwa akiwahubiria watu waache mambo ya wazungu, na poda ya uso pia. Sasa alijiona kwenye picha, yeye na kamati yake, kama wamisionari watano waliovaa abakosti, koti lile la Chama lisilo na tai. Alikuwa amemwambia Jeannot hivi: Jumamosi watu watacheza na kuimba sifa za Chama, na picha zikitoka tena vile, kibali chake cha kupiga picha kitachanwa. Siku zile mtu mwenye kamera bila kibali aliitwa mpelelezi.

Mama Ngalula akabana kioo jichoni, akasukuma kipini cha nyuma ya lenzi. Mle ndani kuna vibati sita, vyembamba kama ganda la kitunguu, vinavyobana tundu la mwanga kila picha inapopigwa. Vinapaswa kuruka. Hivi vilijikokota kama karani aliyeamshwa saa nane mchana, na viling'aa. Kabla havijafika, mwanga mwingi mno ulikuwa umeshapita, na watu wakatoka weupe.

"Nani alitiaka mafuta humu?"

Jeannot akaangalia viatu vyake. "Beau-frère yangu Chomba, bwana ya dada. Zoom ilikuwa inakatala kuzunguka. Yee ni mécanicien kwa mine. Anasemaka kintu yote yenye kukatala iko inaomba grese."

"Na dada yako akikatala, anamupakaka?"

Dini ya Chomba ilikuwa na waumini wengi. Watu waliokua na mashine za migodi ya shaba walipaka mafuta redio, kufuli, baiskeli. Mmoja alimletea Mama saa ya ukutani iliyoogeshwa mawese. Kwenye lenzi, jua likipiga, grisi huyeyuka, hutambaa mpaka kwenye vibati na kuvinatisha.

Dawa yake ni benzini ya kujazia kibiriti cha chuma. Petroli ya gari huacha utando. Madukani hapakuwa na tone. Aliyekuwa nayo alijulikana: Citoyen Mwaba, mwenye kibiriti cha rangi ya dhahabu ambacho, alieleza mara nyingi, si kitu cha wazungu kwa sababu kimetoka Japani.

Alhamisi Mama akaenda ofisini kwake.

"Citoyen, ninaomba benzini kidogo."

"Ya kufanya nini, Citoyenne?"

"Ya kukutoa weupe wa mu picha."

Akapewa chupa nzima.

Alifungua lenzi pete baada ya pete, akitia alama kwa penseli. Vibati akavitoa kimoja kimoja kwa kibano, akaviogesha, akavifuta, akaviogesha tena. Kuvirudisha kulikula Ijumaa nzima: ukiweka cha sita, cha kwanza kinaruka. Mara ya nne vikakaa, vikalia tsik. Mwisho akapaka punje ya grisi nzito kwenye uzi wa kuzungushia zoom, mbali na vibati.

"Kumbe unatia tena?" akauliza Jeannot, aliyekuja kuichukua.

"Hapa iliomba."

Jumanne Jeannot akampelekea Citoyen Mwaba picha za Jumamosi. Kila mtu alikuwa na rangi yake. Kila mtu pia alikuwa na makunyanzi yake, na Citoyen Mwaba alikuwa na kidevu cha tatu, na kifungo cha abakosti kikining'inia kwa uzi mmoja. Aliziangalia sana.

"Huyu muzee ni nani?"

"Ni weye, Citoyen."

Akasaini kibali. Halafu akauliza, bila kuinua macho, kama zile picha nyeupe za kwanza bado zipo.

Siku ya pili Jeannot alikuwa mezani kwa Mama, lenzi ndani ya taulo.

"Citoyen amesema siku ya fete yenye kuja atokee sawa mara ya kwanza. Anasema kule alikuwa kijana. Mama, urudishe grese kidogo."

Mama Ngalula hakutoa kioo jichoni. Alichukua lenzi, akazungusha pete ya tundu la mwanga mpaka mwisho, likabaki wazi lote.

"Ukiwa unamupiga yee, uache hivi. Atatokea mweupe sawa anavyopenda. Hatuharibishi machine sababu ya politique."