Ukurasa Kabla ya Panki

Ndalahwa aliutambua ule muhuri kwenye karatasi ya kufungia kabla hajamaliza mkia wa samaki aliyeletewa na jirani. Duara la zambarau, limelowa mafuta: muhuri wa maktaba ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kule Nyakato, alioupiga kwa mkono wake mwenyewe miaka kumi na minane. Kiwanda sasa kimefungwa, mwaka wa pili huu, kinasubiri mnunuzi, na vitabu vimeuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Halafu mtu anafungia mapanki!

Mapanki, kwa asiyejua, ni mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Wenye ziwa tunakaanga mifupa. Haya, tuendelee.

Kesho yake Ndalahwa alifika Pasiansi alikoelekezwa na jirani, kwenye banda la Teodora mkaanga mapanki, hasira zimemjaa hadi puani. Alitaka kitu kimoja tu: vitabu vyake vilivyobaki, kwa heri au kwa shari.

“Shikamoo mzee,” Teodora alisema bila kugeuza kichwa. “Subiri kidogo. Sijamaliza ukurasa.”

Ukurasa! Ndalahwa akatazama. Juu ya karai ilipita kamba, na kwenye kamba karatasi imebanwa kwa kibanio cha nguo. Vitabu vitano vilining'inia kwenye misumari, kila kimoja kimebaki nusu. Wateja saba walisubiri na hakuna aliyenung'unika, maana sheria ya banda waliijua: karatasi haifungi samaki kabla haijasomwa mbele na nyuma. Upande mmoja wa panki ukiiva, aya moja; akigeuza, aya nyingine. Akichoka na kitabu cha figo, anahamia kile cha nyota. Mama wa watoto wanne, mjane, alfajiri yuko mwaloni, soko la samaki, akigombea mapanki, jioni anafua, Jumamosi kwaya. Muda wa kusoma angeutoa wapi? Aliutoa kwenye karai.

“Unachana vitabu vyangu!” Ndalahwa alifoka.

“Vyako?” Teodora aligeuka, macho yakamng'aa. “Ndiye wewe mwenye muhuri? Jamani! Mungu kakuleta!”

Akaanza kumwaga aliyoyasoma. Funza wa pamba anavyojificha kwenye tumba. Figo zinavyochuja damu usiku na mchana bila kudai likizo. Nyota zilizokwisha kufa zamani, na mwanga wake bado uko njiani unakuja Mwanza. Miaka yote ile Ndalahwa alivipangusa vumbi vitabu hivyo, akavipanga, akawafokea waliokunja kurasa, kumbe alikuwa amelala mlangoni pa haya yote!

“Sasa nisaidie, mzee wangu,” Teodora alisema, sauti imeshuka. “Yule mwanamke wa kitabuni aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Kesi iliishaje? Siku hiyo dereva wa basi la Magu alikuwa na haraka, nikamfungia panki kwa karatasi ya mwisho bila kuisoma. Mwezi wa tatu huu hainitoki moyoni. Na mimi shemeji zangu walinifanyia hivyo hivyo.”

Banda lote likamgeukia Ndalahwa. Angeweza kudanganya. Aseme alishinda, mama wa watu apoe.

“Sijui,” alisema. “Sikukisoma. Sikusoma hata kimoja, mama. Nilikuwa nasema sina muda.”

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Teodora hakumcheka. Alivitungua vile vitabu vitano, akamkabidhi. “Chukua, mzee. Ni vyako kweli.”

Ndalahwa alivikumbatia, akapiga hatua mbili, akasimama. Kisha akarudi, akakalia ndoo iliyofunikwa, akafungua cha juu na kuanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya mstari. Kilikuwa kile cha nyota. Teodora alisimama na kijiko mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue banda, panki liliungua.

“Mama, samaki!” mteja mmoja alipiga kelele.

“Subiri!” Ndalahwa alimkaripia bila kuinua kichwa. “Hatujamaliza ukurasa!”