Tarehe ya Kukabidhi Kiwanja

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilipewa daftari lenye jalada gumu, kalamu moja na onyo. Mhandisi wa mkoa, mkubwa wangu, alisema, "Ndugu, mkandarasi atasahau, na mimi nitasahau. Daftari halisahau." Nilikuwa nimetoka Mbeya wiki hiyo hiyo, nikalipokea kwa mikono miwili. Nilidhani nimemwelewa.

Cheo changu kilikuwa msimamizi wa ujenzi. Ninyi vijana mnafikiri kazi hiyo ni kushika timazi na kuangalia kama ukuta umenyooka. Wapi! Timazi ni ya fundi. Mimi nilikuwa jicho la mwenye mradi, yaani serikali, na nilichotia saini kilihesabiwa kuwa kimetokea. Mkataba una siku zake, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale mkandarasi anapokabidhiwa kiwanja: anaonyeshwa mipaka, anaambiwa, "Haya, ni pako, anza," na wote wanatia saini hati. Akicheleweshwa na jambo lisilo kosa lake, anapewa nyongeza ya muda, ilimradi msimamizi awe ameliandika jambo hilo kwenye daftari la kiwanja. Lisipoandikwa, halikutokea.

Mradi wenyewe ulikuwa madarasa ya shule katika kijiji kipya mbele ya Kasense, ambako watu walikuwa wamehamishiwa pamoja. Mkandarasi alikuwa Mzee Sikazwe, Mfipa aliyeanza kama mwashi akapanda polepole mpaka akasajiliwa. Alikuwa na lori moja bovu na mafundi sita.

Mhandisi alikuwa anafunga taarifa yake ya mkoa na alitaka mradi uonekane umeanza. Akasema tusaini hati ya kukabidhi siku ile ile yangu ya kwanza, palepale ofisini, maana kiwanja kipo na hakina miguu. Akasaini yeye, nikasaini mimi. Mzee Sikazwe naye akasaini, kwa kuniamini mimi.

Kesho yake tukaenda. Kiwanja kizima kilikuwa ulezi. Lilikuwa shamba la mjane mmoja, Bibi Kristina, na ulezi wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi, umebakiza wiki chache uvunwe. Uongozi wa kijiji ulikuwa umemwahidi shamba lingine, lakini chakula chake cha mwaka kilikuwa hapo. Hakugomba. Alituuliza tu, "Wanangu, mkichimba leo, mimi nitakula nini?"

Mzee Sikazwe aliutazama ulezi, kisha akanitazama mimi. Angeweza kuchimba, hati alikuwa nayo. Nikamwambia, "Mzee, mwache avune. Hizo wiki nitakuandikia."

Akawarudisha mafundi wake nyumbani.

Sikuandika. Kila asubuhi nililifungua lile daftari, na kila asubuhi mkono ulikuwa mzito. Kuandika kwamba kiwanja kina ulezi kulikuwa ni kuandika kwamba saini yangu ni ya uongo, na ya Mhandisi pia. Mke wangu alikuwa mjamzito, nyumba tuliyolala ilikuwa ya serikali. Nikawa najiambia nitaandika Jumatatu, na Jumatatu nikawa nasema nimngoje kwanza Mhandisi arudi safari. Wiki zikafika tano, Bibi Kristina akavuna, msingi ukachimbwa. Mvua za kwanza zikazikuta kuta hazina paa, na ukuta mmoja ukalala chini.

Kikao kikaitwa ofisini. Jambo lilikuwa moja: Mzee Sikazwe amechelewa, avunjiwe mkataba na afutwe kwenye orodha ya wakandarasi. Alijieleza taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya nyumbani, kwamba aliambiwa angoje ulezi uvunwe. Mwenyekiti wa kikao akamuuliza aliambiwa na nani.

"Msimamizi yupo hapa," alisema. "Muulizeni."

Mhandisi alikuwa akipanga karatasi zake, hakuinua uso. Nikasema, "Sikumbuki."

Mzee Sikazwe alichukua kofia yake magotini, akaomba ruhusa, akatoka. Wiki iliyofuata alifutwa.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, jamani, ilinifikisha mpaka kustaafu. Nilihamishwa vituo vinne, nikapandishwa cheo mara mbili, nikaagwa kwa barua ya shukrani. Kila kituo nilisifiwa kwa daftari langu, maana tangu siku ile niliandika kila kitu, hata upepo. Kila alipoitwa mtu mwingine ofisini kwa mkubwa, nilidhani zamu yangu imefika. Niliona haya, na haya hiyo sijaistaafu.

Nilirudi kuishi Sumbawanga, nyumba ikataka mlango. Nikaelekezwa kwa seremala mmoja wa mtaa wa Majengo, mzee mkimya, anayesifiwa kwa kutimiza miadi. Nilimtambua kabla sijafika karibu: Mzee Sikazwe, sasa anachonga mbao. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachukua vipimo vya mlango bila kuniuliza jina. Kisha akafungua daftari la shule.

"Tuandikiane," akasema. "Leo tarehe ngapi?"

Nikasema, "Mzee, siku ile kwenye kikao nilikumbuka. Nilikumbuka yote."

"Najua," akasema, kalamu bado iko juu ya karatasi. "Nimeuliza tarehe."