Kikombe cha Mwalimu Yohana

Nakumbuka alasiri moja hapa Kibokoni, mwanangu, ambayo hadi leo nikiifikiria uso huniwaka kwa haya. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na akili zangu zote zilikuwa kwenye vyombo vyangu.

Siku hizo mji ulikuwa umechafuka. Athumani, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa amempasua kichwa mpagazi mmoja wa bara kule bandarini, na wenzake wakaapa kulipiza. Athumani alijificha, mama hali, halali. Ndipo bavyaa, baba yake mume wangu, aliyekuwa imamu wa mtaa, akawaalika wazee wa dini barazani kwetu waombe amani pamoja. Alikuja mzee wa Kibaniani, akaja pia Mwalimu Yohana wa kanisani, ambaye wapagazi walimsikiliza kuliko mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa kupitisha kahawa mlangoni, nami nikiwa nyuma ya pazia. Yule Baniani alikuja na maji yake ndani ya lota, kile chombo chao kidogo cha shaba. Ndiyo ada ya dini yake, hanywei chombo cha watu wengine, na hakuna aliyenuna. Ilipofika zamu ya Mwalimu Yohana, roho ikanisita. Vikombe vya harusi yangu anywee Mkristo wa bara? Nikamtilia kahawa kwenye kifuu cha nazi, kile walichonywea watumwa wa nyumba ile zamani. Ujinga wa ujana, mwanangu, tena wenye kiburi.

Mwalimu alikitazama kifuu kile. Mamake alikuwa mtumwa papa hapa mjini, nami sikulijua hilo. Alikiweka chini, akatafuta viatu vyake. Wapagazi waliokuwa wakimngoja njiani wakashika fimbo zao. Moyoni nilimwona Athumani wangu amekwisha kufa.

Bavyaa akakiinua kifuu, akainywa ile kahawa mpaka tone la mwisho.

"Mwana Esha," akaniita bila kupaza sauti, "nani alomtilia mgeni wangu kahawa kwa kifuu?"

"Ni mimi, baba. N'mekosa."

"Basi usin'ambie mimi."

Sikuwa nimewahi kusema na mwanamume wa nje. "Mwalimu, niwie radhi," nikasema. "Huyo Athumani ni ndugu yangu." Kisha nikapitisha kikombe changu mwenyewe, nilichokuwa sijamruhusu hata wifi yangu kukigusa.

Mwalimu akaviacha viatu vyake. Akaketi tena, akanywa. Bavyaa akamwomba atangulie yeye kuomba. Alimwombea yule majeruhi, kisha akamwombea Athumani, akamtaja kwa jina, damu yake isimwagike. Nje wapagazi wakavua kofia, fimbo wakazilaza chini. Nililia nyuma ya pazia nikaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wanaume. Kesho yake Athumani alikwenda na bavyaa kumwomba msamaha yule mpagazi majeruhi.

Mwanangu, amani haiombwi na wakuu wa dini peke yao. Huombwa pia na yule anayetia kahawa, naye anaweza kuivunja kabla dua haijaanza. Mtu wa dini nyingine akija kwako, mpe kikombe unachonywea wewe. Akiwa na mwiko wake, mwachie. Na ukikosa, msemeshe uliyemkosea, usijifiche nyuma ya pazia.

Mola akujaalie umri mrefu na moyo laini. Na siku utakayopotoka, akupe mtu uliyemdharau akuombee kwa jina lako.