Skafu ya Kijani na Kikohozi cha Kijiji Kizima

Juzi nilipita kando ya uwanja wa shule pale Ruiru nikakuta wavulana wadogo wamefunga skafu shingoni, vidole vitatu juu, wanaapa. Mama zao wanapiga makofi. Nikasimama kwenye ua, ndugu yangu, nikarudi utotoni bila kupenda.

Wewe wa rika langu unavikumbuka vile vijiji vya hali ya hatari, walikotufungia wakoloni, upande wa Thika. Nyumba za udongo zimebanana, handaki limetuzunguka, moshi wa kuni mbichi mpaka ndani ya uji. Msitu ulikuwa marufuku, ukipatikana huko unapigwa risasi. Baba yangu alikuwa kizuizini kwa sababu ya kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Nyanya ndiye alinilea.

Basi alasiri moja askari wakatukusanya uwanjani, wazazi na watoto. Bwana mmoja mzungu amekuja, mtu mzima na kaptura, magoti mekundu, firimbi shingoni. Mwalimu wetu akitafsiri. Ati kuna chama cha skauti wadogo, wazazi watoe watoto. Ati tutafunzwa kuwasha moto, kufunga kamba na kulala msituni.

Jirani yetu akacheka wazi. "Kufunga kamba! Kwani mimi kuni huzifunga na mate?"

Nyanya hakucheka. "Mwalimu, muulize ni msitu gani. Ule tunaopigiwa risasi?"

Mwalimu akatafsiri kitu kifupi sana. Bwana akatabasamu, akajibu kwa Kiswahili chake, "Ndiyo, mama! Msitu mzuri sana!"

Nisimwonee. Mkate alileta, na siagi, akatugawia kwa mkono wake, hakubagua mtoto. Pengine alikuwa mtu mwema. Mimi shule niliiachia darasa la nne, pengine kuna kitu sikuelewa. Lakini wema wa mtu anayeingia kwa watu bila kuuliza wamelalaje, huo naudharau mpaka leo.

Na ile skafu ya kijani niliitaka, sikufichi.

Akatupanga mstari, akainua vidole vitatu. Mwalimu akatafsiri. "Anasema muape. Kwa Mungu na kwa Malkia."

Kuapa! Mbele ya wanawake waliopigwa wataje nani alikula kiapo! Mkono wangu ulikuwa umefika nusu. Nyanya akaja mpaka kwenye mstari, akaukamata, akaushusha, na askari wanamtazama.

"Mwambie, Mwalimu. Nyumba yangu kiapo kimoja kimeitosha."

Nikajua sasa naye anapelekwa alikopelekwa baba. Mwalimu akamgeukia bwana, akasema maneno yake, kisha akatunong'onezea: "Nimesema mtoto ana kikohozi."

Nikakohoa. Wuui, nilikohoa! Jirani akamvuta mwanawe, naye mtoto akakohoa. Mstari wote ukaambukizwa.

"Pole, pole sana!" akasema bwana, skafu zake mkononi. Juma lililofuata akatuletea chupa za dawa. Hakurudi na skafu. Tukanywa dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao, na kusema haki, ilikuwa tamu.

Handaki limefukiwa, juu yake kuna duka la saruji. Nyanya hayuko, Mwalimu hayuko. Baba alirudi, lakini hakuwahi tena kuinua mkono juu, hata kanisani.

Pale Ruiru wavulana wakamaliza kuapa. Nikakohoa. Hakuna mama aliyegeuka.