Wa Ng'ambo Wapo, Nasi Tupo

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, vumbi jekundu limetanda mtaa wetu wote wa Kampemba, nilipoingia kwa baba yangu nimefura kwa hasira. Mwanangu, nilikuwa kijana kama wewe. Niliandika programu za kompyuta bila mwajiri. Mteja akiniita nakwenda, nikimaliza natafuta mwingine. Nilipanga chumba cha kazi katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, juu ya duka la fundi cherehani, na karo ya wadogo zangu ilitoka humo humo.

Asubuhi ya siku hiyo mteja wangu mkubwa, mwenye maghala ya dawa, aliniita ofisini. Nilimtumikia tangu akiwa na duka moja. Akanionyesha kwenye kompyuta yake majina ya watu wa ng'ambo walioomba kazi yangu kwa mtandao.

"Odile, aba bantu banafanya kwa nusu ya bei yako," aliniambia. "Shuka paka pale beko, ao nabapatia kazi."

Yaani nishuke hadi bei yao, ama awape wao kazi. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Baba alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Nilimmwagia yote, na wale watu wa ng'ambo nikawaita wezi. Akaniacha nimalize.

"Nkambo yako, baba yangu mimi, alitoka Kongolo kuja kutumika ku reli," akasema. "Bale alibakuta hapa balimuita mwizi wa kazi. Alikuwa anatafuta tu bukari, chakula ya batoto yake. Ile neno usiirudilie mu nyumba yangu."

Niliona haya. Nikamuuliza kama basi nishushe bei.

"Nani amesema? Ule wa mbali, umuheshimu. Ule wa hapa anakuambia ujishushe, umujibu."

Kesho yake nikamjibu. "Patron, bei ni ileile. Kazi yangu unaijua. Ukitaka kubapatia, bapatie." Alicheka, akasema kabla ya mvua nitarudi.

Sikurudi. Lakini sitakudanganya, mwanangu: wale watu walifanya kazi nzuri, na yule patron hakunijutia hata kidogo. Mimi ndiye niliyekula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, nikaachia kile chumba, nikafanyia kazi sebuleni kwa baba, umeme ukikatika naanza upya. Mvua ilikuja ikaisha.

Nikaanza kwenda soko la Kenya, kukaa na akina mama wanaouza unga na samaki wakavu kwa jumla, na kuwauliza wanahitaji nini. Mmoja wao, Mama Feza, akaniambia, "Programu yote inaongea Kifaransa ya biro, ya bantu ba ofisi. Mi nataka yenye inaongea sawa mimi." Nikamwandikia ya kwenye simu, ya kuhesabu mauzo na madeni, kwa Kiswahili chetu, ifanye kazi hata mtandao ukizimwa. Jirani yake akaitaka. Kisha dada yake wa Kolwezi. Mwisho kazi ikanizidi, na kulikuwa na sehemu nisiyoiweza, basi nikamtafuta msaidizi mtandaoni. Nikampata binti mmoja wa Asia, hodari kweli. Nilipomtajia malipo akaniandikia kuuliza kama nimekosea, mbona ni mengi. Nikamjibu sikukosea, ndiyo bei ambayo mimi mwenyewe ningeikubali.

Sasa sikia. Watakuambia dunia imekuwa soko moja, kwa hiyo upige magoti. Usipige. Mnyonge hana haki, ndivyo wasemavyo, nami naongeza kwamba unyonge huanza siku unapotia sahihi bei usiyoweza kuishi nayo. Jifunze mpaka uwe mkali. Kaa karibu na watu wako, ujue shida zao kwa lugha wanayogombana kwayo sokoni. Shikana na wenzako, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na yule aliyeinamia kompyuta yake huko mbali usimchukie; anayewagombanisha ninyi wawili ndiye anayefaidi.

Mungu akupe kazi isiyokutia aibu kuitaja, na nyumbani kwako kusikose wa kula naye.