Mama Mvuke Ahamia Mochwari

Wenzake walimwita Mama Mvuke, kwani ujana wake wote aliumalizia katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mashine zilizonguruma hata mtu akasahau kama ana ulimi. Hilo lilimfaa. Hakuwa mtu wa maneno, na shuka hazimuulizi mtu kitu.

Bintiye ndiye aliyemchokonoa. "Mama, utakwisha humo kama kipande cha sabuni."

Neno lilimchoma. Nafasi ya mhudumu wa mochwari ilipotangazwa, aliiomba, akapewa kwa majaribio. Msimamizi wa kufulia akamwekea nafasi yake ya zamani hadi Ijumaa.

"Huko hakuna atakayelalamika shati halikunyooka!" wenzake walimtania. Akacheka nao.

Kweli, maiti hawakumsumbua. Aliwaosha, akawageuza, akawafunika vizuri. Waliomshinda ni walio hai.

Jumatano mkuu wake wa mochwari aliitwa wodini, naye akabaki peke yake. Akaja seremala mmoja, vumbi la mbao lingali kwenye nyusi, kumtambua mwanawe aliyegongwa na lori. Utaratibu aliujua: mkalishe mtu kwanza, mweleze atakachokiona, kisha mfunulie uso. Lakini hakumkalisha wala kumweleza. Akampeleka moja kwa moja mezani. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi: mikono yake, iliyozoea kushika shuka kuanzia miguuni, ikavuta pembe ya chini.

Ukatokea mguu, na kidole gumba kisicho na ukucha.

"Hiyo ni kazi ya nyundo yangu," seremala alisema taratibu. "Alikuwa ananishikia ubao kwa mguu."

Akaanguka. Kichwa kikagonga ukingo wa meza, damu ikatiririka sakafuni.

"Ungesema neno moja tu, mama!" mkuu alifoka baadaye. "Moja!"

"Lipi?"

"Lolote! Shuka hata mtoto anafunua. Kazi ya huku ni mdomo. Kama huna, rudi kwenye mashine zako, hakuna atakayekucheka."

Ijumaa asubuhi alisimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Joto lilimpokea usoni kama ndugu.

"Karibu nyumbani!" mmoja alipaza sauti. "Wafu wamekufukuza?"

Alitamani kuingia. Hatua moja tu, angefunga aproni, na hakuna ambaye angemdai neno tena hadi kustaafu. Lakini seremala alikuwa anarudi asubuhi ileile, kwa sababu utaratibu ulidai uso, naye alikuwa bado hajauona.

Akageuka, akarudi mochwari, akamwomba mkuu amwachie yeye kumpokea. Mkuu akampisha.

Seremala aliingia na bendeji kichwani. Alipomwona, akarudi nyuma.

"Wewe tena?"

"Mimi tena, baba. Juzi nilikukosea. Keti kwanza."

Sauti yake ilikwaruza. Akaketi naye kwenye benchi.

"Nitakufunulia uso peke yake. Upande wa kushoto umevimba sana, na taya limevunjika. Macho tumeyafumba. Hutamwona kama ulivyomzoea. Ukisema bado, tutangoja."

Seremala aliutazama mlango wa ndani. Mikono yake mipana ililala mapajani kama vyombo vilivyokosa kazi.

"Bado," alisema.

"Haya, baba."

Wakangoja.