Damu ya Muuza Ndagala

Mawazo hakumpa mtu kiganja. Hata akiwa ametoka kuoga, amevaa kitenge cha kanisani, ukimnyooshea mkono alikunja vidole akakupa kifundo ushike hapo, kama mtu anayeogopa kukuachia harufu ya samaki. Alikuwa amekimbia vita Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi alipita mitaa ya Ngagara na beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Adélaïde, karani wa wizara, alikuwa mteja wake. Hawakuwa na jambo lingine la kuzungumza.

Ndipo malaria ikamwangusha Darius, mtoto wa Adélaïde, mpaka midomo yake ikawa myeupe kwa ndani. Ulikuwa mwaka wa vikwazo vya nchi jirani. Hospitalini hata pamba ilikuwa ya kutafutwa. Damu imekwisha, muuguzi alisema, familia ilete mtu wa kutoa. Adélaïde alikataliwa kwa kuwa alikuwa mjamzito. Mumewe alikuwa Gitega, barabara imefungwa. Mashemeji, kila mmoja na udhuru wake.

Mawazo alikuta geti limefungwa, akaambiwa na majirani habari ya damu, akafika hospitalini na beseni lake.

"Mama Darius, batoe yangu."

"Ulishatoaka damu?" Adélaïde akauliza.

"Apana! Ata sindano naogopaka. Lakini damu niko nayo. Ndagala zenye hamununue, nani anazikulaka?"

Muuguzi akauliza yeye ni nani wa mtoto.

"Mama yake mudogo," Mawazo akajibu bila kupepesa macho.

Damu yake ikapimwa, ikapatana na ya mtoto. Sindano ilipoingia alifumba macho, akamkamata Adélaïde mkono, kiganja kwa kiganja, kwa nguvu hata pete ikamuumiza Adélaïde.

Baadaye alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kitanda, akinywa Fanta wanayopewa watoaji, mama mkwe wa Adélaïde alipoingia. Hakuuliza hali ya mtoto. Alitazama mfuko wa damu ulioning'inia, akamsogelea Adélaïde sikioni, ila sauti yake haikujua kunong'ona.

"Hiyo damu ni ya nani? Ni ya watu wetu?"

Siku zile za vita vya kikabila watu waliuliza hivyo juu ya kila kitu. Adélaïde aliogopa mrija usije ukang'olewa mkononi mwa mwanawe. Lakini haikuwa hofu tu. Aliliona beseni chini ya benchi, akaziona kandambili zilizofungwa kwa waya, akaona haya kusema kwamba huyu ndiye aliyekuja ukoo mzima ulipokosekana.

"Ni ya hospitali, mama."

Mawazo aliishusha chupa kabla haijaisha. Akajitwika beseni, akampa bibi pole ya mgonjwa, akatoka.

Aliendelea kupita Ngagara, akipima ndagala na kuongeza kidogo juu, kama zamani. Mara nyingi Adélaïde alifungua mdomo, akaishia kuuliza bei. Mumewe naye aliambiwa ni damu ya hospitali. Darius, aliyepona, akikimbilia getini kwa sauti ya Mawazo, mama yake alimwita ndani haraka.

Siku moja Mawazo alikuja bila beseni. Alikuwa anarudi kwao Uvira.

"Mawazo," Adélaïde akaanza, "ile siku, mbele ya mama mkwe..."

Mawazo alitazama uani, Darius alikokuwa akimfukuza kuku, akacheka kidogo.

"Acha, Mama Darius. Umuambie tu mutoto, hospitali inamusalimia."